Mrudi, Mrudie

Mji huu hauna jina, au unalo nami sikuambiwa, kama nisivyoambiwa mengi. Jua lake halitui. Linakwenda mpaka linafika pale pa alasiri, pale vivuli vinapoanza kurefuka na mtu akakumbuka kuwa ana kwao, halafu linasita kama mtu aliyesahau kitu nyumbani. Linarudi. Asubuhi inaanza upya, na asubuhi hiyo haikumbuki kwamba ilishawahi kuwa asubuhi. Wakubwa wanasema ni hitilafu ndogo na inashughulikiwa. Miye nasema kwa mtu aliyefiwa hakuna hitilafu ndogo. Tangu Kazija afe sijui umepita muda gani, maana siku haziishi zikahesabika. Inawezekana amekufa leo. Inawezekana hajafa bado, na nikikaza mwendo nitamkuta.

Naitwa Vuai, dobi. Shule nilikwenda mpaka walipofika kwenye kugawanya, hapo nikaona yatosha, maana kwetu hakukuwa na cha kugawanya. Kusoma nasoma, ila nasoma kwa pupa: nikiona kichwa cha neno namalizia mkia mwenyewe. Hilo likumbuke, litakuja kunitia aibu mbele ya watu.

Kazija alikufa akisubiri kuitwa. Tulikaa kwenye benchi la hospitali, yeye kaniegemea, tukaambiwa tungoje jina. Nikainua mkono kuuliza. Ukitaka kuuliza unainua mkono, hata mtoto anajua. Aliyevaa nyeupe akapita. Mwingine akapita. Jina lake liliitwa baadaye, kwa sauti nzuri kabisa, na yeye kashakuwa mzito begani mwangu kama nguo iliyotoka majini. Tangu pale mkono wangu haujashuka. Uko juu, usawa wa sikio, kiganja wazi. Nalala nao hivyo. Nafua kwa mkono mmoja. Nimejaribu kuushusha, hautaki. Bado una swali.

Sasa, mji huu ulikuwa na ugonjwa wake. Wanaume walikuwa wakiwapiga wake zao. Wakubwa wakakaa, wakala, wakajadili, wakaja na fikra ambayo, lazima niseme ingawa inaniuma, haikuwa mbaya: tusingoje mpaka mkono ushuke, tuwaite wale ambao mkono umeinuka tu. Maana ndivyo ugonjwa wenyewe unavyoanza hapa. Mwanamume anaudhika, mkono unainuka, na kama haukumfikia mtu unabaki huko huko juu. Ungewaona sokoni, wananunua mchicha mkono hewani, wanakula kwa kushoto, watoto wanawapungia wakidhani wamesalimiwa. Mkono wa namna hiyo hauna subira. Siku moja lazima utue, na utakapotua kuna mtu chini yake.

Askari wakazunguka wakiokota kila mwenye mkono juu. Wakaniokota na miye.

"Miye mke sina," nikawaambia. "Nitampiga nani?"

"Hayo utayaeleza mbele, mzee. Twende."

Ndiyo maisha haya. Mkono wa kupiga na mkono wa kuuliza, ukiutazama kwa mbali, ni mmoja. Na Wakubwa hawajawahi kutazama kwa karibu.

*

Walituweka kwenye banda refu la mabati. Juu ya vichwa vyetu kulikuwa na shamba la viganja. Mwelekezi wetu alikuwa kijana aitwaye Khatibu, katumwa na Wakubwa, ana sauti laini kama mtu anayembembeleza paka atoke uvunguni. Nilimchukia kwa sababu ya viatu vyake, vinang'aa kama vya Wakubwa. Baadaye niliona kuwa alikuwa anajitahidi, lakini viatu vile sikuvisamehe.

"Mzee wangu," akaniambia, "mkono wako uliinuka lini?"

"Hospitalini."

"Ulitaka kumpiga nani?"

"Nilitaka kuuliza."

Banda zima likacheka. Nyuma yangu mtu akadakia: "Sote tulitaka kuuliza, mzee! Miye nilitaka kumuuliza mke wangu kibao kimoja tu!"

Sauti ile niliijua kabla sijageuka. Machano, jirani yangu, mchoma chokaa. Kati ya chumba chake na changu kuna ukuta wa udongo mwembamba, ukikohoa huku unaambiwa pole kule. Mkewe anaitwa Mize. Nilipofiwa, watu walikuja wakalia wakaondoka, na Mize ndiye aliyekuwa akinipitishia uji dirishani, hasemi neno, bakuli tu na mkono. Kwa hiyo nilipoona kiganja cha Machano kule juu, kipana, cheupe kwa chokaa, kimekaza vidole, nilimwogopea Mize. Mkono ule ulishapiga mlango ngumi mpaka ubao ukapasuka. Ulishapiga mtungi wa maji. Vyote nilivisikia ukutani. Mle ndani kilikuwa kimebaki kitu kimoja ambacho haujakipiga.

"Hatucheki," Khatibu akasema. "Ndugu Machano, tuambie. Kilichouinua ni nini?"

"Kicheko."

"Kicheko cha nani?"

"Chake. Nikiwa njiani nakisikia. Anacheka, anacheka na nani sijui, na jirani, na sufuria, hata peke yake anacheka. Nikitia mguu mlangoni, kap! Kinakatika. Kama umezima taa. Nauliza, ulikuwa ukicheka nini? Si kitu. Kila siku si kitu. Sasa miye ni nani humo ndani? Mwenye nyumba au mzimaji taa?"

Hakuna aliyecheka safari hii. Nikaona viganja vingi vimetikisika, kama majani upepo ukipita, maana kumbe kila mmoja alikuwa na kicheko chake kilichokatika.

Khatibu akatufundisha kupumua. Akatufundisha kuondoka chumbani hasira ikipanda, kwenda kunywa maji, kusema "nimeumia" mahali pa kusema "nitakuonyesha". Tukasema. Wanaume wazima banda zima tukasema nimeumia, nimeumia, na ilisikika kama somo la watoto, ila mzee mmoja wa mbele alilia nalo. Miye nilikuwa nikijiuliza mambo mengine. Nilikuwa nikijiuliza kama hasira ni kitu ambacho mtu anacho au ni mahali ambapo mtu yupo. Kama ni kitu, unakiweka chini. Kama ni mahali, unatokaje, na mlango wake unafungukia upande gani? Na nani alijenga? Hapo nikawakumbuka Wakubwa na viatu vya Khatibu, nikapoteza njia ya mawazo yangu, kama kawaida.

"Sasa nendeni majumbani," Khatibu akatuaga. "Mkafanye kama ubao unavyosema."

*

Ubao ulisimama njia panda, mpya, herufi nyekundu kubwa. Uliwekwa kwa shangwe, utepe ukakatwa. Nilivyousoma miye siku ile, ulisema: MWANAMUME, MRUDIE MKEO. Nilikasirika mpaka masikio yakalia. Mrudie mkeo! Wananiambia miye! Wao ndio waliomwita akiwa kashakwenda, sasa wanasimamisha ubao niende nikamrudie, nimrudie wapi, na kwa njia ipi? Kila nilipopita nilitema mate. Niliuona ubao ule kama tusi lililoandikwa kwa ajili yangu peke yangu.

Machano alitoka bandani kachangamka. Mkono ule ule juu, lakini uso umefunguka, kama mtu aliyepata dawa.

"Kumbe ruhusa ipo, Mzee Vuai!"

"Ruhusa ya nini?"

"Hukumsikia? Tufanye kama ubao unavyosema. Na ubao unasemaje? Mrudi mkeo. Wakubwa wenyewe, kwa rangi nyekundu. Miye nilidhani wametuita watukataze, kumbe wanatufundisha tupumue kwanza ndipo tuwarudi. Kwa utaratibu."

"Wee! Umesoma wapi hiyo? Ni *mrudie*. Nenda kwake, kaa naye, muwe kama zamani."

"Mrudi."

"Mrudie!"

"Twende tukatazame, basi. Macho si unayo?"

Tukaenda. Tukasimama chini ya ubao, mikono yetu juu, wapita njia wakidhani tunaushangilia. Nikaufuata kwa kidole cha mkono wa pili, herufi moja moja, kama darasa la kwanza. M. R. U. D. I. Halafu nafasi. Halafu MKEO. Nikarudia. Nikapapasa pale nafasini labda imefutika. Ubao mtupu, laini. Haikuwahi kuwapo.

Herufi yenyewe ni E. Ukiiweka, mwanamume anarudi kwa mkewe. Ukiiondoa, mwanamume anamrudi mkewe, anamtia adabu kama mtoto au punda. Na miye nilikuwa nimeiweka mwenyewe, kwa pupa yangu, kwa sababu moyo wangu haukuwa na neno lingine ila kurudi. Yeye alikuwa ameisoma ilivyo, kwa sababu mkono wake ulikuwa na kazi. Tusi nililolitemea mate siku zote hawakuwa wamenitukana. Walikuwa wamefanya jambo baya zaidi na miye nilikuwa sijaliona.

Khatibu akapita na viatu vyake. Nikamwita, nikamwonyesha.

"Ah," akasema, "ni mrudie, mzee. Kila mtu anaelewa."

"Miye sielewi," Machano akasema. "Miye nasoma."

Khatibu akautazama ubao. Akautazama tena. Midomo yake ikatikisika ikitamka. Nikaona rangi inamtoka usoni, na ule ulaini wa sauti ukamwisha. "Sikuuandika mimi," akasema. Hilo ndilo alilosema. Kisha akarudi bandani mbio, labda kuwazuia wengine, lakini wengine walishatoka, walishasambaa mitaani, viganja vinakwenda kila upande.

*

Neno hili limenichosha. Sisi madobi tunalo letu la tatu. Nguo ikiingia maji ikatoka fupi, tunasema imerudi. Kanzu ya mtu mnene ilinirudi zamani, ikawa ya mtoto. Kazija alipoiona alicheka mpaka akakaa chini, akashika mbavu, "Vuai, umemrudisha mzee wa watu utotoni!" Basi nikawa nafikiri pale njia panda: mwanamume anayemrudi mkewe, mke naye anarudi, anarudi kama nguo, leo kidogo, kesho kidogo, kicheko kinakuwa kifupi, kinaishia mlangoni, mpaka siku moja ukimshika hakutoshi tena. Na mwanamume anasema, mbona umebadilika?

Na hilo *piga*. Lugha yetu imetufundisha kupiga kila kitu. Tunapiga pasi, tunapiga mswaki, tunapiga picha, tunapiga magoti, tunapiga hodi. Mkono ukitaka kupiga una vingi vya kupiga, hauna haja ya...

Sijui. Nilikuwa karibu kulielewa jambo. Likaniponyoka. Machano alikuwa kashaanza kutembea.

"Unakwenda wapi?"

"Nyumbani. Kabla jua halijarudi. Nimechoka kubeba mkono, mzee. Leo utatua."

Mtu mwingine angemfuata. Miye sikumfuata. Maisha yangu yote nikiona moto nakimbilia kumtafuta aliyeuwasha. Nikakimbilia kwa Wakubwa.

Jengo lao lina ngazi, na ukipanda ghorofa moja wanaongeza nyingine juu. Nilipanda. Njiani nikatambua kichekesho chenyewe: nakwenda kuwaomba waandike lile tusi ambalo hawakunitukana. Nawaomba waniambie nimrudie mke wangu. Nikacheka peke yangu pale ngazini, na kicheko kilinishtua, sikukitambua kuwa ni changu.

Mkuu wa Maandishi alikuwa kanipa mgongo. Wote huwapa watu mgongo. Nadhani hawana upande wa pili.

"Bwana mkubwa, ubao umepungukiwa na E."

"Ubao umezinduliwa."

"Najua, lakini una kosa."

"Kilichozinduliwa hakina kosa. Kingekuwa na kosa kisingezinduliwa."

"Watu wanausoma vibaya. Kuna mtu anakwenda kumpiga mkewe sasa hivi, kwa ubao wenu."

"Mtu gani?"

"Jirani yangu."

"Na wewe uko hapa unafanya nini?"

Hakusema kwa ubaya. Aliuliza tu, kama anayeuliza saa. Nilifungua mdomo nimtolee yote, benchi, waliovaa nyeupe, jina lililoitwa kwa sauti nzuri, jua, viatu, yote niliyoyabeba. Kupitia dirishani nikaiona barabara, na juu ya vichwa vya watu kiganja kimoja cheupe kwa chokaa kikielea, kikienda kwetu. Niko hapa nafanya nini?

Nikarudi. Neno ni lile lile, nililitumia nilivyoweza. Nilishuka ngazi zile na kila ghorofa niliyoshuka walikuwa wameongeza nyingine chini, nikashuka na hizo pia.

*

Nilimkuta kwenye mlango wake, ule uliopasuka. Mguu mmoja kashaunyanyua aingie. Nikamshika kikoi kwa nyuma, si kwa nguvu, nguvu sina, kama mtoto anavyomshika mama.

"Machano. Piga hodi."

Akageuka, mkono umemganda hewani. "Nini?"

"Hapo mlangoni. Piga hodi kwanza."

"Kwangu? Nyumba yangu mwenyewe? Umekuwa mwehu, mzee?"

Sasa ujue jambo moja. Mtaani kwetu nilikuwa nachekwa kwa hilo. Dobi kutwa anapita milango ya watu na mizigo ya nguo, hodi, hodi, mpaka mdomo unazoea, ukiona mlango unasema wenyewe. Nilikuwa nikifika kwangu nasema hodi. Kazija ndani: "Nani?" Dobi. "Dobi gani?" Dobi wako. "Nguo zangu zimekauka?" Bado mbichi. "Basi ingia hivyo hivyo." Kila siku, upuuzi huo huo. Wanaume waliniambia natawaliwa. Haukuwa ustaarabu wala mapenzi, ilikuwa mazoea ya kazi. Sikuwa na hekima yoyote ya kumpa Machano. Nilikuwa na upuuzi wangu tu, ndio nilioushika.

"Mkono huo utashuka, sikatai," nikamwambia. "Ushushe hapa kwenye ubao wa mlango. Umeshaupiga ngumi, leo upige hodi."

"Watu watanicheka."

"Watanicheka miye. Nimezoea. Halafu, we si unataka kujua kicheko kinakatikia wapi? Ukishaingia kishakatika. Sikiliza ukiwa nje."

Tukasikiliza. Ndani Mize alikuwa akicheka, kicheko kile cha tumboni kinachokwenda kikirudi. Na nyuma yake, au chini yake, sijui nisemeje, nikasikia kingine. Naapa. Nikamsikia Kazija, anacheka kwa ile kanzu. Damu ikanipanda. Nilitaka kuuvunja mlango ule, miye, mlango wa watu, niingie nimkute kabla hajakatika. Bega langu lilishaugusa ubao. Basi ndivyo inavyokuwa, nikafikiri. Ndivyo anavyosikia huyu kila siku. Nikarudi nyuma hatua, na ile hatua ilikuwa ndefu kuliko ngazi zote.

Machano alikuwa akinitazama. Sijui aliona nini usoni mwangu. Kiganja chake kikaanza kushuka. Kilishuka polepole, kinapita usawa wa sikio, usawa wa bega, nami nikafumba macho. Nikasikia: ko, ko, ko.

"Hodi."

Kicheko kikakatika.

"Umeona?" akanong'ona, na mkono ukarudi juu kama kitu kilichofungwa kamba. "Umeona?"

"Piga tena."

"Hodi!"

Mle ndani kitu kikasogezwa, kigoda labda, kikaegemezwa mlangoni.

"Ya mwisho," nikamwambia. "Ya tatu isipojibiwa tunaondoka. Ndiyo ada, unajua, mlango wowote."

"Huu ni mlango wangu."

"Wowote, Machano."

Akapumua, kama alivyofundishwa na yule wa viatu. Mkono ukashuka. Ko, ko, ko. "Hodi, Mize."

"Nani?" Sauti ilitoka karibu sana, nyuma ya ubao tu.

"Mimi."

"Mimi nani?"

Nikaona jasho linamchirizika kwenye chokaa ya shingo. Mtu mzima, mwenye nyumba, ameulizwa swali dogo kuliko yote duniani naye hana jibu.

"Machano," akasema mwisho.

"Machano namjua miye. Hapigi hodi. Yule huvamia."

"Leo napiga."

"Kalewa?"

"Hajalewa, Mize," nikasema. "Miye Vuai niko naye."

"Na mkono wake uko wapi, Mzee Vuai? Niambie kweli."

Nikautazama. "Uko kwenye mlango," nikasema, na ilikuwa kweli. Alikuwa kauacha pale pale, kiganja wazi juu ya ule ufa alioupasua.

Kisha Mize akasema neno moja.

"Rudi."

Neno lile tena! Rudi ndani? Rudi ulikotoka? Anamwita au anamfukuza? Nilimtazama Machano nikaona limempiga kama lilivyonipiga. Lolote alilotaka lilikuwamo mle. Angeweza kusukuma mlango akaingia, akasema, si umeniambia nirudi? Nani angembishia? Ule ni mlango wake na lile ni neno la mkewe, na kwenye njia panda kuna ubao. Vidole vyake vikajikunja juu ya mbao. Misuli ya mkono ikasimama.

"Mize," akasema. Sauti ilikuwa ya mtu mwingine, ya kitoto kidogo. "Nirudi ndani, au nirudi nilikotoka? Sijaelewa."

"Umeniuliza?"

"Nimekuuliza."

"Hebu uliza tena."

"Nirudi ndani, au nirudi nilikotoka?"

Tulisikia anavuta pumzi, kama mtu aliyetoka chini ya maji. "Rudi ulikotoka. Nitamwambia Mzee Vuai siku ya kuja. Na ukija usimame hapo hapo, useme hivyo hivyo. Nikisema sitaki, ni sitaki."

Dirisha likafunguka kidogo. Ukatoka mkeka uliokunjwa, na mkono ule ule uliokuwa ukinipa uji. Machano akaupokea. Akaubana kwapani, na mtu aliyebana mkeka kwapani hawezi kuinua mkono. Sijui kama Mize alilikusudia hilo. Dirisha likafungwa, komeo likalia.

*

Nikamchukua kwangu, ni hatua chache tu. Jua lilikuwa limefika pale pake pa alasiri, linasita. Nikafika mlangoni mwangu na mdomo ukasema wenyewe:

"Hodi."

"Unampigia nani, mzee? Si uko peke yako?"

"Hodi," nikasema.

Machano akauweka mkeka chini. Akautazama mlango, akanitazama. Alielewa, nadhani, maana hakucheka.

"Hodi, Kazija."

Ya tatu hiyo. Hakuna aliyesema nani. Ada ni ada, mlango wowote, nami ndiye niliyesema. Tukatandika mkeka nje barazani, tukakaa, mwenye nyumba na mgeni, hakuna aliyeingia. Kutoka upande wa pili wa ukuta tulimsikia Mize akikisogeza kigoda, akikirudisha mahali pake. Hakucheka. Tulikuwa tukisikiliza wote wawili, hakucheka, lakini alikisogeza.

"Ubao ule wataurekebisha?" Machano akauliza.

"Umezinduliwa."

Akatikisa kichwa. Mkono wake ulikuwa juu ya goti lake, umelala, mweupe, anautazama kama kitu cha mtu alichoachiwa akitunze. Kisha akanitazama miye.

"Shusha na wewe, mzee. Yamekwisha."

"Yako," nikamwambia. "Wangu si wa kupiga."

Uko juu mpaka sasa. Wakipita wataniokota tena, watasema huyu mzee ni hatari, mkono haumshuki. Sawa. Nimekaa barazani kwangu, nasubiri kuitwa jina.